Askari Asiye na Kazi

Mimi ni fundi wa makochi, na kwa miaka kumi na tisa nimetunga mafumbo ya sataranji kwa gazeti la Jumamosi. Kete nyeupe zianze, zimfunge mfalme mweusi kwa hatua tatu, na njia iwe moja tu. Kuandika kunanipa taabu, lakini kuchora miraba na kupanga kete hakujanishinda. Marehemu mume wangu ndiye aliyenifundisha mchezo, akajuta, maana hakunifunga tena.

Mwezi uliopita nafasi yangu ikachukuliwa. Nikaenda kwa mhariri.

"Bibi, siku hizi kompyuta inatunga. Mafumbo mia kabla chai haijapoa."

"Hata nzi hutaga mengi."

Akacheka, lakini nafasi hakunirudishia. Nikarudi karakanani na fumbo la mashine, nikalipanga juu ya kochi lililovuliwa kitambaa. Kochi kuukuu nalikagua kwa kung'oa msumari mmoja mmoja: usioshika kitu hauna haki ya kuwemo. Nikaondoa farasi, fumbo likabomoka. Nikamrudisha, nikaondoa ngome. Likabomoka. Siku ya tatu binti yangu akasema, "Mama, kubali yaishe."

"Wewe pika. Mimi sijamaliza."

Alikuwa amebaki askari mmoja, pembeni. Nikamtoa. Fumbo likasimama vilevile, jibu lilelile.

Asubuhi nikawa mlangoni kwa mhariri kabla ya mfagiaji.

"Huyu askari wako kakaa kama shemeji aliyekuja kusalimia akahamia. Mtoe, uiulize mashine yako."

Akaiuliza. Ikakubali. Akakuna kichwa. "Basi, Bibi, uwe unayasafisha mafumbo yake."

"Sifagii nyuma ya mtu, sembuse mashine. Nataka nafasi yangu."

"Na la kwako nikilipima hivyohivyo?"

Nikachomoa karatasi yangu. Kete saba. Wafalme hawaondolewi, kwa hiyo akazijaribu tano, moja moja. Farasi akitoka, jibu hakuna. Ngome ikitoka, majibu mawili. Moyo ulinienda kama cherehani, uso nimeukaza. Mwisho akamfikia askari wa pembeni, akanitazama, akamtoa.

Mashine ikatafuta. Ikakosa jibu: askari wangu alikuwa na kazi.

"Jumamosi hii, Bibi," akasema.

"Na kila Jumamosi," nikasema, na kitini sikuinuka mpaka alipoliandika hilo nikaliona.