Mbuni Kwenye Tipoyi: Kutoka Alunguli Mpaka Obokote

Walimuvua mudogo wangu Asumani turubai, wakamufunika ndege. Mvua ilikuwa inapiga, Asumani amelala chini ya muti na homa kali, meno yanagongana. Komanda Feruzi akasema: "Huyu muntu atakauka. Ndege akilowa atakufa." Na kwa habari ya ndege, shetani yule alisema kweli. Manyoya ya mbuni hayana mafuta kama ya bata. Maji yanapita mpaka kwenye ngozi. Habari ya Asumani hakuna aliyeuliza.

Sasa nirudi nyuma, ili mujue tulifikaje pale.

Kabla ya vita, tajiri mumoja wa Kindu, Bwana Amisi, alileta mbuni wawili kutoka kusini, dume na jike, ili wageni wake wa harusi waone kitu. Vita ikaingia, tajiri akakimbia, jike akaliwa na basoda, askari wa Feruzi, wiki ile ile. Dume akabaki, mweusi, mabawa meupe, murefu kushinda mulango. Feruzi akasikia kwamba kule Obokote kunatua ndege ndogo ya mununuzi wa madini, muzungu anayependa wanyama wa ajabu. Akataka kumupelekea zawadi, ili mawe yake yanunuliwe ya kwanza. Hiyo njo sababu ya safari yetu. Haikuwa ya kwetu.

Asubuhi, Alunguli, kwetu. Mimi na Asumani tulikuwa tunaziba mupira wa kinga, baiskeli yetu, mbele ya nyumba. Basoda wakatukamata pamoja na wanaume wengine, wakatupeleka kwenye lupango ya tajiri, uwanja wake wenye ukuta. Kwanza walijaribu kumuvuta mbuni kwa kamba. Ujinga! Mbuni anapiga teke kwenda mbele, si nyuma kama punda, na mugulu wake una vidole viwili tu, kimoja kina ukucha kama musumari wa kujengea. Soda aliyeshika kamba alipasuliwa suruali na paja. Tulifurahi, lakini ndani ya tumbo.

Hapo Feruzi akakumbuka babu yake. Babu yake alikuwa chifu, na zamani chifu alibebwa kwenye tipoyi, kile kiti cha miti wanaume wanachoweka mabegani. "Mukubwa hatembei kwa miguu," akasema. Tukatengeneza tipoyi, tukamukalisha mbuni, tukamufunga miguu. Akachachamaa. Asumani akavua soksi yake ndefu ya kuchezea mupira, akamuvalisha kichwani, mudomo umeachwa nje. Ndege akatulia palepale. Mbuni njo hivyo: asipoona, anafikiri dunia imelala.

Asumani hakujua kufunga kinywa. Akauliza: "Afande, tukiingia kijijini, tupige ngoma ao tunyamaze?"

Basoda wakacheka. Kaporali Bindu, muntu wa mukono wa kuume wa Feruzi, akamupiga kitako cha bunduki mugongoni. Tangu pale basoda wote wakaanza kumwita ndege Mukubwa, na sisi vilevile.

Siku ya pili, jua la utosi, Kailo. Mama Zaina, mukulima aliyekuwa anaanika muhogo, akaacha kazi akatukodolea macho.

"Ninyi batoto, muliyemubeba njo nani?"

"Chifu mupya, Mama," Asumani akajibu.

"Na shingo hii yote?"

"Ya kuchungulia mashamba yenu."

"Anaruka?"

"Haruki."

"Sasa mabawa ya nini?"

"Ya kujipepea, na ya kumuchezea jike."

"Ee, basi ni mukubwa kweli," Mama Zaina akasema, na akatupa muhogo mubichi wa kutafuna njiani. Mbuni naye akapata: tulishusha tipoyi, tukafunua soksi, akameza kipande, halafu akachukua vijiwe chini. Hana meno, mawe njo yanamusagia chakula ndani ya firigisi. Akaokota na ganda la risasi la Bindu, akameza. Bindu alitukana mpaka tukatoka kijijini.

Kutoka pale, pori, siku kwa siku. Na hapa niseme kosa kubwa la Feruzi, kosa la muntu anayefikiri kila kitu kinafaa popote mradi kimefungwa kamba. Mbuni ni wa majani, wa mahali pa wazi. Jicho lake ni kubwa kuliko ubongo wake, lilitengenezwa kuona simba kule mbali, halafu miguu ifanye kazi. Kwetu pori inafunga macho kila hatua. Tulipomuvua soksi anywe maji, alizungusha shingo huku na huku, hakuona mbali hata kidogo, akaanza kutetemeka. Nilimuhurumia. Halafu bega likaniuma, huruma ikaisha. Tulimuvusha muto Lowa kwa mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja, sisi tunapiga kafi, yeye amekaa katikati kama gavana.

Asumani alikuwa anashika shingo ya ndege usiku na muchana, ndiye peke yake aliyekubaliwa na mbuni. Hakulala. Homa ikamuangusha, ikafuata mvua, ikafuata ile ya turubai niliyosimulia.

Kulipokucha alishindwa kusimama. Karibu kulikuwa na kibanda cha wawindaji. Feruzi akamuonyesha Bindu kwa kidole: "Baki naye. Akipona, mutufuate." Nikaomba nibaki mimi. Akanicheka: "Na bega lako nani atalibeba?"

Asumani akanishika mukono, wake unachoma kama makaa. "Yaya," akaniambia, maana mimi njo mukubwa wake, "usimuangushe Mukubwa. Watakuua."

Sikumuangusha.

Obokote. Ndege ya chuma ilikuwa imekwisha kutua, injini haijazimwa. Muzungu akatoka, akaangalia ndege ya manyoya, akacheka mpaka akashika magoti. Alikuwa anataka kasuku, wale wa kijivu wanaoingia ndani ya kikapu. Wakapakia mifuko ya mawe, ikaruka. Feruzi akasimama na zawadi yake. Jioni ile mbuni akaingia nyunguni. Firigisini tulikuta vijiwe, kifungo, lile ganda la risasi, na funguo ya kufuli. Nilikula. Nilikuwa na njaa.

Kurudi nilitoroka, njia ile ile. Kibanda kitupu. Moto umekufa zamani, majani ya kulalia yamelowa. Mwanamuke mumoja wa karibu pale, aliyekuwa anachuma kuni, akaniambia soda alipita kwake peke yake, kesho yake tu ya sisi kuondoka.

"Hakusema kitu?"

"Alisema mugonjwa wamemupeleka hospitali."

"Hospitali gani, Mama?"

"Nilimuuliza vilevile, papa. Huku kwetu hospitali ni muti na Mungu."

Nilitafuta mpaka kando ya mito. Hakuna kaburi, hakuna nguo, hakuna mufupa.

Leo Feruzi ni Onorable, mubunge wetu. Juzi alikuja Kindu, ndani ya sale ya mikutano, kutufundisha kulinda wanyama na ndege wa pori. Alisema vizuri: mayai ya mbuni yasiokotwe, dume analalia usiku na jike muchana, wakiuawa wazazi kizazi kimekwisha. Halafu akasema mbuni akiogopa anaficha kichwa mchangani. Nikasimama.

"Uongo, Onorable. Nimemubeba, namujua. Akiogopa analala chini, shingo imenyooka, anakuangalia. Asumani yuko wapi?"

Watu wakageuka. Yeye akatabasamu. "Papa, vita iliisha. Tuzungumuze mambo ya mazingira."

Sawa, tuzungumuze. Wewe Feruzi uliyetoa amri, na wewe Bindu unayeendesha gari yake leo hapa Kindu, mumevimba shingo: muntu hai mulimuacha ndani ya kibanda, na mumoja wenu alitoka peke yake. Mulimuua, ao mulimuacha afe? Mulimuzika wapi? Mama yetu bado yuko hai, anangoja pale Alunguli. Njooni mumujibu yeye, kwa kinywa chenu, mbele ya watu.