Mifereji Miwili ya Baba

Enzi zetu kule Umatengo baiskeli haikununuliwa dukani. Uliingia porini na panga, ukatafuta mti mgumu, ukachonga magurudumu mpaka viganja vikatoka malengelenge, ukafunga mpini kwa vipande vya mpira, ukapaka ekseli mafuta ya kula uliyoiba jikoni, na kesho yake ulikuwa unashuka nayo mlima ukipiga kelele kama umepagawa. Breki ilikuwa kisigino. Wenzangu wa rika langu mnaosoma haya naamini mnayo makovu ya kuonyesha. Wanangu mimi wanashinda mbio za magari wakiwa wamelala kwenye kochi, kwa kidole gumba, na wakimaliza wanalalamika mgongo unauma.

Nakumbuka asubuhi za msimu wa kuchuma kahawa, baridi ya kuuma masikio, uji wa mahindi unaochoma ulimi, na harufu ya maganda yaliyochacha kando ya mtambo wa kumenyea. Tulichuma kabla ya shule, tukachuma baada ya shule. Jioni ilikuwa ugali na maharage, kesho ugali na maharage. Mama yetu alizaliwa Kihagara, kando ya ziwa, na hakuyazoea maharage yetu hata siku moja. Usipa, wale dagaa wa ziwani, wakiletwa sokoni alinunua kwanza ndipo akauliza bei, na siku hiyo aliimba akipika. "Ninyi watu wa mlimani mnakula kama mnaadhibiwa," alikuwa akisema, na baba anacheka.

Baba alikuwa mkulima wa kahawa aliyeishia darasa la nne, na ugonjwa wake ulikuwa mistari iliyopinda. Padri mmoja aliyekuwa anahama alimwachia kitabu cha hesabu cha Kiingereza, jalada halipo, nusu ya kurasa zimeliwa na mchwa. Kiingereza hakukijua. Alisoma michoro. Aliichora upya kwa mkaa ukutani na kwa kijiti kwenye uwanja ambao mama alikuwa ametoka kuufagia, miaka nenda miaka rudi, bila mwalimu. Kanisani hakuwa akimtazama padri, alikuwa akitazama mnyororo wa chetezo cha ubani unavyoning'inia. Kabla ya kusali rozari aliishika kwa mikono miwili, akaiacha ilegee katikati, akaiangalia.

"Hakuna aliyeifundisha kulegea hivi," alituambia. "Ilegeze leo, ilegeze kesho, ni mpindo uleule. Hapo Mungu yuko kazini."

Mpindo alioupenda kuliko yote ulitoka kwenye ringi ya baiskeli. Alifunga kipande cha mkaa ukingoni, akaiviringisha ringi taratibu kando ya ukuta, mkaa ukachora matao, moja baada ya jingine. Nusu ya tao moja akaigeuza juu chini, akaichonga kwenye ubao ikawa njia ya kushukia. Pembeni akachonga njia nyingine iliyonyooka, zote mbili zikianzia mahali pamoja juu na kuishia mahali pamoja chini. Akatuita, mimi binti yake na mdogo wangu Otmari, akatupa gololi mbili za beringi tuziachie kwa wakati mmoja. Njia iliyonyooka ndiyo ilikuwa fupi, lakini gololi ya kwenye mpindo ilifika kwanza. Tukarudia mara kumi, mara ishirini. Kila mara ilifika kwanza. Baba machozi yalimlengalenga.

"Mungu kaificha njia ya haraka ndani ya gurudumu," alisema, "na watu wanapita nalo kila siku hawajui."

Majirani walicheka. Katekista wetu, mtu mwema lakini mgumu, alimwambia hiyo ni michezo ya watoto, gololi zinaweza kudanganya. Baba hakukasirika. Alichukua jembe. Wenzake wakichimba ngolo, yale mashimo yetu ya mteremkoni yanayozuia maji yasiondoke na udongo, yeye alichimba mifereji miwili nyuma ya nyumba. Mmoja ulinyooka. Mwingine ulidondoka ghafla pale mwanzo, ukajikunja taratibu kuelekea chini, na katikati kina chake kilinifika kifuani. Aliupima kwa kamba na vigingi kwa wiki tatu, kahawa ikimsubiri. Chini kabisa, mifereji ilipokutana, aliweka lundo kubwa la nyasi. Jumapili baada ya misa watu wote wangekuja kuona maboga mawili yakishindana.

"Msipande humo," alituonya. "Hii ni ya maboga."

Jumamosi wazazi walikwenda mtamboni. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja, Otmari tisa. Aliyesema twende ni mimi. Naomba niliandike hilo waziwazi, maana sijawahi kuliandika. Ule uliopinda niliuogopa, kwa hiyo nikampa yeye, nikachukua ulionyooka. Tukapanda baiskeli zetu za mbao, tukahesabu mpaka tatu.

Otmari alifika kwanza. Nyasi zilimpokea vizuri, akashuka, akasimama palepale mifereji ilipokutana, akageuka kunitazama, mikono juu, anacheka. Kisigino changu kilichimba udongo mpaka ngozi ikatoka. Baiskeli ya mbao ni nzito. Mpini wangu ulimpata shingoni.

Kabla sijakimbilia watu, niliivuta baiskeli yangu nikaificha nyuma ya banda la mbuzi. Hicho ndicho kinachoniamsha mpaka leo, kwamba nilikuwa na akili ya kuificha. Mtamboni nikasema Otmari kapanda peke yake kwenye mfereji uliopinda, ukamrusha. Walimbeba kwa machela. Hospitali hawakufika naye akiwa hai.

Hakuna aliyeniuliza mara mbili. Mfereji ulikuwa pale, na kila aliyeutazama aliamini. Ndugu za mama walipopanda kutoka ziwani kuja kuzika, mjomba alisema mbele ya waombolezaji wote, "Shemeji, umemchimbia mtoto wako kaburi, tena umepima kwa kamba." Siku ya tatu baba aliifukia mifereji yote miwili, kitabu akakitia motoni, na sijamwona tena akichora hata mstari.

Mama alivumilia mpaka mavuno yaliyofuata, akaaga kwamba anashuka Kihagara kusalimia, hakupanda tena. Likizo nilimfuata. Tulikuwa tukikaa mchangani tukianika usipa, maneno yamenijaa mdomoni, nayameza. Baba hakumtaja mama kwa jina, alimwita "yule". Mama alikufa nikiwa tayari na watoto wawili, na ndugu zake wakatuma ujumbe kwamba "yule", safari hii wakimaanisha baba, asikanyage msibani. Baba akabaki mlimani, akavaa suti yake ya kanisani, akakaa uwanjani kutwa nzima.

Siku hizi nauza vyakula vya kuku Mbinga mjini. Malori ya makaa ya mawe ya Ngaka yakipita, rafu zinatetemeka. Lami imefika ziwani, safari iliyotumalizia siku nzima sasa vijana wa bodaboda wanaimaliza kabla ya chai, wanalaza pikipiki kwenye kona na simu sikioni, wala hawajui wanachora nini.

Jumapili moja mwaka huu tulipanda mlimani kumwona baba, na binti yangu wa kidato cha tatu akampelekea babu yake daftari. Walikuwa wamepewa maswali ya duara. Mzee alilisukuma daftari polepole kwa vidole.

"Mambo hayo yaliniulia mtoto, mjukuu wangu. Muulize mwalimu."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayemtajia daktari ugonjwa wake wa zamani. Nilimtuma binti dukani, nikavuta kigoda, nikamweleza baba yote, na baiskeli nyuma ya banda la mbuzi nikaitaja. Nililia. Yeye hakulia.

"Kwa hiyo alifika kwanza?"

"Alifika kwanza, baba."

"Kwa mbali?"

"Kwa mbali. Alikuwa ameshashuka."

Uso wake ukafunguka, na kwa muda mfupi nikamwona yule baba wa ringi na mkaa. Kisha ukajifunga.

"Mama yako kafa hajui," alisema.

Enzi zetu mtoto akikosa alichapwa palepale, akalia, akapewa ugali, na asubuhi hakuna aliyekumbuka. Leo tunaambiwa kuchapa ni ukatili, na wanangu sijawahi kuwagusa. Lakini siku ile mimi, mwanamke wa miaka hamsini na ushee, niliinamisha kichwa mbele ya baba yangu, nikangoja anipige. Aliinuka taratibu, akachukua mkongojo wake, akanipita, akaenda kuwafungulia mbuzi.