Vitabu Viwili na Kufuli la Baba

Baba alizikwa na koti lake jeusi, na ufunguo wa sanduku ulikuwa mfukoni mwa koti hilo. Tulikuja kukumbuka siku ya Ijumaa, wakati mdogo wangu anatakiwa kuripoti sekondari Jumatatu. Barua yake ya kuitwa shule ilikuwa ndani ya sanduku. Baba aliifungia humo siku ile ile ilipofika, kwa furaha.

Mama alikuwa ametangulia miaka mingi, nami niliacha shule darasa la tano ili nilee wadogo zangu. Nilikuwa natengeneza majiko ya mafuta ya taa na makufuli sokoni Masumbwe, lakini kufuli lile la ng'ambo lilinishinda. Lilikuwa limeshavunja misumeno yangu miwili.

Mzee mwenye duka la vyuma aliniazima vitabu viwili vya Kiingereza vya kufundisha kufungua makufuli magumu. "Nichagulie chenye maana," alisema. "Kingine nitakichana karatasi za kufungia misumari."

Baba mdogo alikaa mlangoni na shoka. "Nawapa mpaka saa kumi. Baada ya hapo nafungua kwa Kisukuma."

Ndani ya sanduku mlikuwa pia na vikombe vya mama, na shoka lingevivunja. Nikamwambia mdogo wangu asome haraka.

Kitabu cha kwanza kilikuwa kinene, chenye picha za rangi za mtu aliyevaa tai.

"Dada, huyu anasema ni kazi ya dakika mbili."

"Mtazame mikono. Huyo hajafungua hata kopo la samli."

Cha pili kilikuwa chembamba, hakina jalada. Nikakumbuka kitabu cha nyimbo cha mama: kurasa za nyimbo alizozipenda ndizo zilizokuwa chafu zaidi. Nikatafuta ukurasa wenye grisi nyingi, nikauwekea kidole. "Soma hapa."

"Usianze kufungua. Osha kwanza vumbi la ndani. Ukimaliza, osha tena."

"Huyu amewahi kupita Shinyanga kiangazi," nikasema, naye akacheka hadi akapoteza mstari.

Tukaosha kwa mafuta ya taa. Vumbi likatoka kama uji wa ulezi. Kisha yeye akasoma, mimi nikajaribu, tukakosea, tukacheka, tukarudia. Kabla ya saa kumi kufuli likaachia lenyewe, taratibu, kama mtu anayepiga mwayo.

Barua ilikuwa juu kabisa. Chini yake, umefungwa kwa uzi mwekundu, ulikuwepo ufunguo wa akiba.

Baba mdogo aliutazama, akautazama tena, akaweka shoka chini. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Kaka yangu huyo," alisema akifuta machozi. "Huyo ndiye hasa."

Nilimrudishia mzee vitabu, nikamwambia asikichane kile chembamba kichafu. Jumatatu alfajiri nilimpakia mdogo wangu kwenye lori, sanduku lake la shule limefungwa kwa kufuli la baba.

"Na ufunguo, dada?"

"Huu hapa. Ni mmoja tu, usiufungie ndani."