Gauni Lililonukia Udi

Othman alilishika lile gauni kwa vidole viwili, kama mtu abebaye panya aliyekufa, akalitenga na pua yake. Gauni lenyewe lilikuwa la Kiarmenia, jekundu, limetariziwa komamanga kifuani kwa mkono. Lilipotoka dukani lilikuwa na harufu ya nguo mpya. Sasa lilinuka udi, na chini ya udi jasho, na chini ya jasho, biriani.

"Mbona walishika hivyo? Lina ukoma?" mkewe Mwatime aliuliza kutoka jikoni.

"Lanuka, mama Riyadh."

"Udi wanuka? Tangu lini udi ukanuka? Haya, lirudishe. Mwambie halikunitosha."

Mwatime hakuwa mtu mbaya. Lakini wanawake wa pwani waliohamia huku ughaibuni, Springfield, walikuja na sheria yao: nguo iliyoonekana kwenye harusi moja haiendi harusi ya pili. Harusi nazo haziishi. Basi wakajifunza mbinu. Mtu huchukua gauni dukani, hukibana kikaratasi cha bei kwapani kwa pini, hulivaa, hucheza nalo chakacha mpaka miguu iume, kisha hulirudisha akisema ni dogo. Maduka makubwa hayajali.

Lakini duka la Bi Siranush halikuwa kubwa. Lilikuwa chumba kimoja huko Arlington: soksi za sufu, vitambaa vya meza, sahani za udongo, na nguo ambazo yeye na dada yake walizitarizi wenyewe. Othman alikuwa dereva wa basi dogo la kupeleka wazee kliniki, na humo ndimo walimojuana. Kila akishuka, bibi yule alimpa tende iliyojazwa lozi na kumwita Mista Othman. Mwatime alipoliona gauni dirishani akalitamani, bibi hakutaka hata senti. "Akalijaribu nyumbani," alisema. "Mista Othman akiniambia limefaa, limefaa. Akiniambia halikufaa, halikufaa."

Neno lake ndilo lililokuwa rehani, na sasa mkewe amemtuma akaliuze neno hilo.

"Nenda wewe," alimwambia.

"Mimi simjui. Wewe ndiye rafiki yake." Mwatime akacheka. "Ungeniona harusini Temple Hills, baba! Shoga yangu Mwatumu aliniuliza nimelitoa wapi, nikamwambia limeshonwa Armenia. Alinuna mpaka keki ikamshinda."

Othman alitazama mkono wa gauni. Palikuwa na doa la mafuta lililosuguliwa kwa sabuni ya vyombo likabaki na duara. Hata hivyo alilikunja, akalitia kwenye mfuko wa plastiki, akaenda. Mtu akishaishi na mke miaka mingi, miguu humtii mke kabla kichwa hakijakataa.

Bi Siranush alimpokea kwa furaha. Akalitoa gauni, akalikung'uta, kisha kabla Othman hajamzuia akauzamisha uso wake ndani yake.

"Ubani!" bibi akasema, macho yamemng'aa. "Kanisani kwetu hunukia hivi hivi. Mmeliweka mahali mnaposali?"

Na Othman, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe, akaitikia kwa kichwa.

"Halikumtosha?"

Akaitikia tena.

"Pole yake. Si kitu." Bibi akalitundika mbele, penye mwanga.

Othman angeondoka hapo hapo, lakini bibi alikuwa ameshaanza kumtilia kahawa. Akaketi. Alipokuwa akiipuliza, msichana mmoja akaingia, akaenda moja kwa moja kwenye lile gauni, akaliweka shavuni.

"Nimelipenda. Nitalivaa siku ya uchumba wangu. Halijavaliwa na mtu, sivyo?"

"Kamwe," alisema Bi Siranush. "Muulize huyu bwana. Lilikuwa kwake, ni mtu mwaminifu."

Wote wawili wakamgeukia. Msichana bado alikuwa amelibana shavuni, pale pale palipokuwa na kwapa.

"Liondoe usoni," Othman akasema. Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Limevaliwa. Mke wangu alilivaa harusini, akacheza nalo, akala nalo. Huo si ubani wa sala, ni udi wa kuficha jasho. Nilikuja kukudanganya, Bi Siranush."

Msichana alilitupa kwenye kaunta, akaanza kujifuta shavu kwa kiganja, na kufuta, na kufuta. Kisha akatoka.

Bi Siranush hakugomba. Alilikunja gauni polepole, akaligeuza, akakiona kile kitundu cha pini kwapani. Akalisukuma kwa Othman, akanawa mikono kwenye beseni la nyuma ya kaunta.

"Nitalinunua," Othman akasema.

"Ndiyo," alisema. "Utalinunua, Othman." Mista ilikuwa imekwisha.

Alilipa. Kahawa aliiacha hapo hapo, maana hakualikwa tena kuimaliza.

Garini simu ililia. "Amelipokea?" Mwatime aliuliza.

"Amelikataa. Nimelinunua."

"Umelinunua? Gauni limeshaonekana na watu wote hao, nitalivaa wapi mimi?"

Harufu ya udi ilikuwa imelijaa gari. Alishusha vioo vyote vinne, upepo wa baridi ukaingia, na mkewe akaendelea kuuliza wapi, wapi.