Mwezi wa Tatu Sikuwepo Chiang Mai

Dada yangu mkubwa, ambaye sisi wa Lubumbashi tunamwita yaya, hakuwahi kusafiri ila kwenda misibani. Anatunza wazee katika nyumba moja ya Evere, hapa Brussels, na ana pumu tangu utotoni. Mwaka huu alisema anataka kuuona mji wa Chiang Mai, kaskazini mwa Thailand. Mimi ndiye niliyemtia hamu hiyo, maana kila Jumapili mezani kwake niliusifu mji huo mpaka chakula kikapoa.

Niliishi kule nikiosha vyombo katika nyumba ya wageni, miezi saba, kuanzia Julai hadi mwisho wa Januari. Lakini hapa, kadiri ulivyokaa mbali muda mrefu ndivyo watu wanavyokusikiliza. Miezi saba ikawa mwaka, mwaka ukawa miaka miwili, na mwishowe nikawa naisema bila kusita.

Nilimwandikia yaya kurasa nne. Achukue chumba ndani ya mji wa zamani, uliozungukwa na handaki la maji, ili akipotea ayafuate maji. Vile vigari vyekundu vya abiria havina kituo: unanyoosha mkono, unamtajia dereva unakokwenda, na akitikisa kichwa usibishane naye. Hekaluni abebe kitenge cha kufunika mabega, avue viatu mlangoni, na akikaa chini asielekeze nyayo kwenye sanamu. Wali wa kunata unafinyangwa kwa vidole, kama bukari, ugali wetu wa nyumbani. Aliponiuliza aende lini, nikajibu mwezi wa tatu: hakuna mvua, na dirishani utauona mlima.

Siku ya tatu baada ya kufika kule alinipigia. Ilikuwa mapumziko yangu ya mchana, nje ya duka ninakopanga bidhaa karibu na Porte de Namur. Kwake ilikuwa jioni.

"Ule mulima yako iko wapi?" aliuliza. "Minaangalia mu dirisha, minaona tu nyumba ya jirani. Iko moshi, ni kama batu banachoma makaa mu salon."

"Moshi ya nini, yaya?"

"Ni miye nakuuliza. Ni weye uliikala huku."

Niliwahi kuwasikia watu wa jikoni kule wakiutaja moshi, kama sisi tunavyotaja masika. Sikuuliza zaidi, na niliondoka kabla haujaja.

"Siku mbili, tatu, itapita," nikasema.

"Donc nibakie?"

"Bakia."

Jioni, ndani ya metro kuelekea chumbani kwangu Saint-Gilles, nilisoma kwenye simu. Watu huchoma mashamba na misitu, moshi unaanza Februari na unakaa mpaka mvua, ambayo inaweza kuchelewa hadi Mei. Nilipaswa kumpigia palepale. Badala yake nilimwandikia afunge madirisha, avae barakoa, aweke taulo mbichi chini ya mlango. Yote yalikuwa kweli. Neno moja tu sikuliandika: ondoka.

Siku tatu baadaye, nikiwa tena nje ya duka, tulizungumza kwa video. Mabega yake yalipanda na kushuka kwa kila pumzi.

"Leo nilienda ku soko," akasema. "Dereva batatu balitikisa kichwa. Nikasema bon, mudogo yangu alisema tusibishane. Nikarudia kwa miguu."

"Ndani ya ile moshi?"

"Alors ningepita wapi?"

Sikuweza kuendelea kumtazama. Nikageuza macho kwenye ukuta wa duka, nikasema, "Yaya, miye sikukuwa huko mwezi wa tatu."

"Mwaka gani?"

"Hakuna mwaka. Nilikaa miezi saba. Niliondoka mwezi wa kwanza."

Nilisikia akivuta dawa yake ya pumu mara moja, kisha mara ya pili.

"Na ile fête ya maji, ile sikukuu ya mwezi wa ine? Ulituambia balikumwangia maji mu barabara mpaka viatu vikaoza."

"Niliona ku video."

Alicheka. Kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikuisha. Nilisimama na simu mkononi nikisema pole, yaya, pole, kama anayembembeleza mtu aliye nyuma ya kioo.

Alipopata sauti akasema, "Maman wa hii nyumba ya wageni ananiambia tangu siku ya kwanza: toka, shuka kusini, ku bahari, hewa ni muzuri. Namujibu asante, mudogo yangu anajua huku. Sasa nifanye je?"

"Fanya vile ule maman anasema."

"Weye ulifika huko kusini?"

"Hapana."

"Bon," akasema, akakata.

Kesho yake yule mwanamke wa nyumba ya wageni alimpeleka kupanda ndege ya kusini. Hayo niliyajua kwa ujumbe mfupi, halafu kimya. Siku nzima nilipanga makopo ya nyanya kwenye rafu, na kila dakika chache niliigusa simu mfukoni. Alipiga nikiwa bado kazini.

"Nimefika."

"Unapumua?"

"Sikia mwenyewe."

Alisogeza simu mdomoni, akanyamaza. Niliziba sikio la pili kwa kidole. Kulikuwa na mluzi mwembamba, unakuja na kuondoka, na sikuweza kujua kama ni upepo wa huko au ni kifua chake.