Lori Lililokufa Kila Alfajiri

Kwaku Barimah huonja dizeli. Huchovya kidole, hukigusisha ulimini, hutema pembeni, kisha hukuambia kama imeingia maji. Mkewe husema ndoa yao imedumu kwa sababu yeye alizaliwa na mafua.

Nimempakizia viazi vikuu vyangu kutoka Ejura hadi Kumasi miaka mingi, wala si kwa mapenzi. Nauli yake hushuka ukiibana, na viazi havipungui njiani. Dereva mwenye sifa hizo mbili humwachi eti kwa kuwa lori lake linakohoa.

Lori lenyewe si lake. Ni la Maame Dufie, mjane anayeuza mawese sokoni, aliyerithi lori kwa mumewe pamoja na dereva wake, kama mtu anayenunua mbuzi akapewa na kamba. Barimah alianza kama mpakiaji wa marehemu, akabeba magunia mpaka akaaminiwa usukani, na tangu hapo hajaendesha gari jingine. Bodi ya lori ni ya mbao, na kipajini pameandikwa kwa rangi nyekundu: WAACHE WASEME.

Msimu wa harmatani, upepo wa kaskazini uliposhuka na vumbi na baridi yake, wakapata la kusema. Sisi huondoka kabla hapajakucha ili tuwahi soko. Basi kila tulipofika katikati ya mlima wa Mampong, injini ilipungua nguvu, ikapiga kwikwi, ikanyamaza. Barimah hung'ang'ania breki, mimi huruka na gogo nikalikingia tairi la nyuma. Madereva wengine hawakupita kimya.

"Mzee Barimah! Umefungua kibanda cha viazi hapa?"

"Pita, mwanangu, lori lako la mkopo wasije wakalichukua ukiwa unacheka!"

Fundi wa Mampong alikuwa akija na pikipiki yake jua limeshapanda. Alifungua filta, akaikuta safi. Alilegeza skrubu, akapampu kwa mkono kutoa upepo, dizeli ikatoka bila hata povu moja. Akapiga stata, injini ikanguruma kama haijawahi kuugua. Fundi akachukua chake, tukaondoka. Safari iliyofuata, mlima uleule, kifo kilekile. Tukabadilisha bomba la dizeli. Tukabadilisha pampu. Lori likafa.

Siku tuliyorudishwa Ejura tukivutwa na trekta, Maame Dufie alitupokea uani, mikono kiunoni.

"Barimah, nimechoka kulisha maiti. Ijumaa Issifu wa vyuma chakavu anakuja na mtungi wake wa gesi. Atalikata vipande hapahapa."

"Mama, nipe wiki moja tu."

"Nilishakupa ujana wote wa mume wangu. Ijumaa!"

Barimah alicheka, kisha akaingia chini ya lori. Wenye malori mapya wanataka vijana. Mzee wa umri wake huambiwa aache namba ya simu, na simu hiyo haiiti hata siku moja. Lori likikatwa, angerudi kubeba magunia, na mgongo wake ulishakataa kazi hiyo zamani.

Jioni ya Alhamisi nilimkuta chini ya lori, amefungua na kufunga kila kilichofunguka.

"Mjomba," nikamwambia, "fundi huwa anafika saa ngapi?"

"Jua likishawaka. Mafundi wa Mampong hawaamki na kuku."

"Na lori linakufa saa ngapi?"

"Si unajua? Wewe ndiye mwenye gogo."

"Basi sikiliza. Mwizi wa ghala langu sikumkamata mchana. Nilimngoja saa yake ya kazi. Huu ugonjwa wako unalala mganga akifika. Kesho likifa, usimsubiri mtu. Fungua papo hapo."

Alinitazama kutoka chini ya lori. "Ungekuwa dereva wewe, ungetuua wote kwa maswali."

Ijumaa tuliondoka gizani, kabla Issifu hajafika, meno yakigongana. Lori likafa palepale lilipozoea. Nikatia gogo, nikamshikia tochi, naye akashuka na spana. Filta ilitoka imefunikwa na uto wa rangi ya chungwa, mzito, kama mchuzi uliolala kwenye sufuria. Barimah akanusa. Akachovya kidole, akaonja.

"Mawese!"

"Yamefikaje huku?"

Akakaa kando ya barabara akacheka mpaka akakohoa. Dizeli yetu tunaibeba kwa madumu ya njano, na madumu ni ya Maame Dufie, yaliyomaliza kazi ya mawese. Mama huyo hanunui dumu jipya wakati la zamani lipo. Na Barimah, kwa jinsi anavyoogopa maji kwenye dizeli, alikuwa amepiga marufuku kuyaosha. Miezi ya joto, masalia yale yaliyeyuka yakaungua pamoja na dizeli bila mtu kujua. Baridi ilipokuja yakaganda kwenye filta, na jua likipanda yakayeyuka tena, fundi akakuta pasafi.

"Na wewe unayeonja kila siku?" nikamuuliza.

"Niliona dizeli ya mwaka huu ina ladha. Nikadhani ni njaa."

Akachukua kitambaa aifute. Nikamdaka mkono. "Ukifuta, utamwambia nini Maame? Kwamba umeota?"

Upande wa mashariki ulishaanza kupauka. Tukaifunga filta kwa majani mabichi ya mgomba yaliyoloweshwa maji, nikaitia ndooni. Barimah akafunga filta kuukuu ya akiba, ambayo ingetosha kuteremkia, akatoa upepo, akageuza lori penye upana. Viazi vyangu vingechelewa soko. Nilipiga hesabu: lori lililokatwa vipande halibebi hata kimoja. Basi nikaipakata ile ndoo njia nzima, nimeifunika na kilemba changu, nikiligombeza jua.

Tulimkuta Issifu ameshafika. Mtungi wa gesi ulikuwa kivulini, na yeye mwenyewe alikuwa anamaliza kiazi cha kuchemsha na mchuzi wa majani.

"Mama," Barimah akasema, akiweka ndoo mezani, "muuaji wa lori huyu hapa."

Maame Dufie akafunua majani. Uto ulikuwa bado umeshika. Akanusa, macho yakamtoka.

"Mnataka kusema mawese yangu ni mabaya?"

Barimah akafungua mdomo, nikamkanyaga mguu, nikajibu mimi.

"Mabaya? Mawese yaliyotiwa maji hayashiki hivi, Maame. Haya ni safi. Usafi wake ndio umeliua lori."

Maame akaigeuza sifa ile kama anavyogeuza noti, asione pa kuikataa. Lakini si mjinga.

"Maneno mnayo. Issifu, kaa. Tangi lisafishwe leo, na kesho napanda mwenyewe. Likifa mlimani, kata."

"Nitakaa, Mama," Issifu akasema, "ila jioni mchuzi uwe na samaki."

Tangi likashushwa, likaoshwa kwa dizeli, filta mpya ikafungwa. Maame Dufie alinunua madumu mapya akilalamika kama anayenunua dhahabu.

Jumamosi alfajiri ilikuwa baridi kuliko zote. Tulikaa watatu mbele kwa dereva, Maame katikati, ameshika dashibodi kwa mikono miwili. Mlima ulipoanza, Barimah, ambaye huimba hata kwenye msiba, alifumba mdomo, akashusha gia, akasikiliza. Tukapafikia mahali petu. Injini ikavuta. Tukapapita. Nilikuwa nimelikumbatia gogo mapajani, na sikumbuki nililiachia saa ngapi.

Juu kabisa Barimah akapunguza mwendo, akaanza kusogea pembeni. Macho yalikuwa yamemlowa. Alisema ni vumbi.

"Unasimama kwa nini?" Maame Dufie akauliza.

"Nilipumzishe kidogo, Mama."

"Kwani limechoka? Nimwite Issifu?"

Barimah akaingiza gia.