Siku Papa wa Jirani Alipokufa kwenye Simu

Mnisamehe kwa maandishi haya yaliyopinda na kwa herufi nitakazokosea. Niliacha shule darasa la sita, na ninaandika polepole, kwanza kwenye karatasi, ndipo kwenye simu.

Mbele ya watu sauti yangu hukauka. Kwa hiyo nilikuwa nikiandikia kikundi cha simu cha barabara yetu: mvua ilivyotoboa paa letu, mama anavyogombana na mbuzi wa jirani. Kiongozi wa kwaya, jirani yetu, alikuwa humo. Aliyachukua maneno yangu, akayabandika kwenye kikundi kikubwa cha parokia, na chini akaweka jina lake. Kina mama wakamsifu, wakimwita mjomba: "Tonton, Mungu alikupa mukono!"

Mkono wenyewe ulikuwa wangu.

Nilimfuata, nikamwomba aseme alikoyatoa. Akacheka mbele ya waimbaji wake, akaniita binti mdogo kwa Kifaransa.

"Petite, maneno iko sawa na maji ya mto Tshopo. Nani anaandikaka jina yake juu ya maji?"

Wote wakacheka. Nilirudi nyumbani, nikachukua karatasi.

Nilijua jambo moja juu yake: hasomi mpaka mwisho. Ni mwizi wa haraka. Basi nikaandika juu ya papa yangu, baba aliyefariki nikiwa mdogo, na barabara yetu nzima inajua hivyo. Niliandika kama ni leo, na mistari hii nikaiweka mwishoni: "Papa yangu ametuacha. Kiti chake kiko mlangoni, hakuna anayethubutu kukikalia." Kwangu kila neno lilikuwa kweli. Kwake lilikuwa ndoana.

Akaimeza, jina lake chini kama kawaida.

Kwetu habari ya kifo haingoji maswali. Kabla ya adhuhuri kina mama wa parokia walifika uani kwake na kuni na viti, wengine wakilia tangu barabarani. Vijana walianza kufunga turubai. Papa yake akatokea nyuma ya nyumba, sahani ya majani ya muhogo mkononi.

"Nani amekufa hapa?"

Kilio kikakatika. Mama mmoja akasema:

"Ni wewe, papa! Mutoto wako njo ameandika!"

"Mimi? Bon, muache nimalize kwanza pondu yangu, ndipo munizike." Akamgeukia mwanawe. "Unaniua ju ya nini? Unataka parcelle, hii kiwanja yangu?"

"Hapana, papa! Haiko maneno yangu!"

"Ni ya nani?"

Nilikuwa nimesimama kwenye ua. Alinitazama nimwokoe. Sikumwokoa. Akanyoosha kidole.

"Ya ule petite. Yote. Tangu mwanzo ni yake."

Nilimwomba msamaha yule mzee tu, kwa kumfisha bila ruhusa yake. Mwanawe sijamsamehe. Siku hizi akiniona huvuka upande wa pili wa barabara, nami humsalimia kwa nguvu, mimi nisiye na sauti.

Ninyi mnaosoma, niandikieni: kwenu, mtu akijivika maneno ya mwenzake, anafanywaje? Jibu lenu nikilipeleka kwa wengine, nitasema limetoka kwenu.